Kiyoyozi Halisi cha Mtulivu

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Wenye Magari ya Zamani.

Ndugu Mwenyekiti, na kwa umri wako, mwanangu,

YAH: GARI MTULIVU KUNG'OLEWA KIFAA CHAKE HALISI NA KUPACHIKWA KIYOYOZI

Marahaba. Nimeitikia kabla hujaniamkia kwa sababu najua umelelewa, na kwa sababu nina haraka.

Mimi ni mama wa yule mpima macho mwenye gari la rangi ya krimu, lenye taa za duara kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Tulionana kwenye maonyesho yenu. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha mbele na pepeo langu la ukili, na wewe ulikuwa umevaa koti zito kwenye jua kali, sijui ni nani alikushauri. Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Shule sikuikalia sana. Kusoma nilijifunza ukubwani, tena kwa hasira, kwa sababu mume wangu alikuwa akisoma gazeti anacheka peke yake na haniambii kitu. Kwa hiyo usinitafutie makosa ya nukta na mkato. Nitafutie haki yangu.

Gari hili lilikuwa la marehemu mume wangu. Alilipa jina la Mtulivu kwa sababu halikimbii hata likifukuzwa. Alipofariki alimwachia mwanangu usukani, na kiti cha mbele akaniachia mimi. Hilo halikuandikwa popote, lakini hakuna aliyewahi kubisha. Sasa mwanangu amempeleka Mtulivu kwa fundi wa viyoyozi, mtu wanayemwita Barafu. Gari likarudi lina kiyoyozi, na mimi nikaambiwa nihamie kiti cha nyuma. Na msafara wenu wa mwaka uko karibu. Miaka yote nimepita kwenye msafara ule nikiwa mbele. Mwaka huu nipite nyuma kama kapu la sokoni?

Malalamiko yangu ni haya. Nimeyapa namba kama watu wa ofisi mnavyopenda.

1. Matundu. Barafu ametoboa ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya abiria, ili apitishe mabomba yake ya mpira. Ametoboa kwa keekee, mchana kweupe, huku anapiga mluzi. Mwenyekiti, mume wangu hakuwahi kubandika hata stika kwenye gari hili. Mtu akiegemea boneti alikuwa anamfuata na kumwuliza kwa upole kama ana ugonjwa wa mgongo. Nyumbani, kupigilia msumari wa kalenda ukutani kulihitaji kikao. Angekuwepo siku ya keekee, angerudi kaburini kwa miguu yake mwenyewe.

2. Kidroo changu. Mbele ya kiti changu, kwenye dashibodi, palikuwa na kidroo. Ndani yake niliweka peremende za kikohozi, kitambaa cha kupangusia kioo, sindano na uzi, na tochi isiyo na betri ambayo haikuwa inamdhuru mtu. Barafu amekitoa chote, na mahali pake ameweka sanduku jeusi lenye midomo mitatu linalopuliza mfululizo kama mtu anayepoza uji. Vitu vyangu nimeletewa kwenye mfuko wa plastiki, kama mfanyakazi aliyeachishwa kazi.

3. Aibu. Tangu afungwe kiyoyozi, Mtulivu anakojoa. Sina neno jingine. Tuliegesha mbele ya benki, nikabaki ndani namsubiri mwanangu. Maji yakaanza kudondoka chini, tone baada ya tone, mpaka yakafanya kijito. Mlinzi wa benki akaja, akainama akatazama chini ya gari. Kisha akainuka akanitazama mimi. Alinionyesha tu kwa mkono choo kiko upande gani. Mwanangu anasema hayo ni maji yanayotokana na ubaridi, ni kawaida kabisa. Huyo mlinzi nani kamweleza?

4. Vioo. Kiyoyozi kinataka vioo vifungwe vyote, ati baridi isitoke. Mimi barabara yetu nimeitawala kupitia dirisha lile. Tukipita kwa fundi viatu namwuliza kandambili zangu zimeshonwa au bado amezikalia. Tukipita kwa muuza mkaa namwambia apunguze vumbi lake. Tukipita kwa yule binti wa saluni namwuliza mchumba ameleta barua au anakula tu na kuondoka. Hizi ni kazi za watu, Mwenyekiti, na hakuna mwingine wa kuzifanya. Sasa napita nimefungiwa kwenye kioo, nafungua mdomo na kuufunga kama samaki wa mapambo. Fundi viatu ameniona midomo inacheza bila sauti, akaamini namtukana. Amemwambia muuza mkaa kwamba tangu niwekewe baridi nimeanza maringo. Maringo! Mimi, ambaye nimewaambia wote wawili ukweli wao ana kwa ana!

5. Hii namba ni ya mke wa mwanangu. Naiacha kwanza, nitaijaza nikitulia.

6. Mlima. Ile barabara inayopanda kwenda hospitali, Mtulivu alikuwa anaipanda polepole lakini kwa heshima zake. Siku hizi kiyoyozi kikiwa kimewashwa anaguna njiani kama mzee aliyebebeshwa gunia. Kwa hiyo mwanangu akifika chini ya mlima kinazimwa. Lakini vioo hafungui, anasema tutapoteza baridi tuliyoiweka akiba. Tunapanda mlima tunaokwa kama mikate, tunalinda baridi ambayo haipo. Juu ya mlima mshale wa joto la injini unakuwa umelala kwenye nyekundu, na tunarudi kwa Barafu. Barafu akaongeza feni mbele ya rejeta. Nikamwambia, "Sikiliza mwanangu. Umefunga kiyoyozi kutupoza sisi, kikachemsha injini. Sasa umefunga feni kuipoza injini. Hiyo feni nayo ikichemka, utaipepea na nini?" Akacheka, akasema, "Bibi wewe una maneno." Mimi sikumpelekea maneno. Nilimpelekea swali.

7. Na hapa ndipo penyewe, vaa miwani. Wewe ulisimama juu ya kreti la soda, na kipaza sauti, ukatuambia kwamba thamani ya gari la zamani ni vifaa vyake halisi. Ukasema anayeng'oa kifaa halisi na kupachika cha dukani ni sawa na mtu anayemfukuza babu yake nyumbani ili apangishe chumba. Nilikupigia makofi mpaka viganja vikawaka. Mwanangu hakusikia, alikuwa kwenye foleni ya vinywaji.

Basi sikiliza. Mtulivu alikuwa tayari na kiyoyozi. Kiyoyozi chake halisi ni mimi.

Usicheke, nitakueleza kinavyofanya kazi. Gari likiwa linatembea, nafungua kile kidirisha cha pembetatu upande wangu na kukielekeza upepo umpige dereva kifuani. Si usoni, maana usoni unamtoa machozi. Gari likipunguza mwendo, nachukua pepeo, naanza taratibu. Likisimama kwenye taa, napepea kwa nguvu. Taa ikiruhusu, napumzisha mkono. Mume wangu hakuwahi kuniambia ongeza wala punguza, nilikuwa nasikiliza injini. Hakushuka kwenye gari hata siku moja shati limemganda mgongoni, na watu walikuwa wanamwuliza anatumia sabuni gani. Alipofariki nikaendelea na mwanangu, kwa pepeo lilelile, nimelibadilisha mpini tu.

Ushahidi ninao. Kwenye kiti cha mbele, karibu na mshono wa katikati, pana mahali ngozi imelika ikawa laini. Wewe mwenyewe uliinama ukapagusa, ukawaambia waamuzi wenzako, "Hii ndiyo alama ya umri, pasiguswe." Mwenyekiti, ile ni alama ya kiwiko changu. Umeshakipitisha.

Na ushahidi mwingine ni wewe. Ulipomaliza kukagua uliegemea mlango wetu, jasho linakutiririka ndani ya lile koti, nikakuonea huruma nikakupepea kupitia dirishani. Ulifumba macho. Ulisema, "Mama, hapa ningeweza kulala." Kwa hiyo kiyoyozi halisi umekitumia, umekisifu, na unajua kinafanya kazi, hakitoboi ukuta, hakikojoi mbele ya benki, na hakimchoshi Mtulivu mlimani.

Sasa nimetulia, narudi namba 5. Mke wa mwanangu ni mshonaji, na ushonaji wake sina ubaya nao. Lakini ndiye anayekaa kiti changu siku hizi. Nilipouliza kwa nini, nikajibiwa na mwanangu, "Mama, pale mbele upepo utakupiga magoti." Magoti ni ya nani? Tangu lini watu wanagawana viti kwa kuangalia magoti ya mwenzao? Yeye anakaa pale amejikunja, anapiga chafya kutoka nyumbani hadi tunakokwenda, lakini hatoki. Mtu anayevumilia mafua kwa ajili ya kiti ana lake jambo. Tena juzi alikuja na ile futi yake ya kushonea, akanipima nikiwa nimekaa, kutoka nyonga mpaka goti na kuzunguka, akaandika, akaondoka. Sikumwuliza anapima nini. Mtu wa umri wangu akipimwa bila kuambiwa hafurahi.

8. Uzushi. Nikiwa kwenye haki nataka niwe kwenye haki yote, kwa hiyo nakuandikia na hili kabla hujalisikia kwa mwingine limetiwa chumvi. Wanasema nilizimia. Sikuzimia. Msimu wa joto uliopita tulikwama kwenye foleni, magari yamesimama kama yamegandishwa kwa gundi, na mimi napepea. Nikafumba macho kidogo kuyapumzisha. Nilipoyafumbua nilikuwa nimelala kwenye benchi la duka la dawa, mwanangu ananimwagia maji ya chupa na kulia, mtu mzima, mbele ya wateja, wengine wamenunua miwani kwake. Mwenye duka la dawa ni shahidi kwamba pepeo lilikuwa bado mkononi mwangu, mpaka ilibidi wanikunjue vidole. Nakuuliza wewe, mtu aliyezimia anashika kitu?

Tangu siku ile mwanangu hayuko sawa. Akiendesha ananitupia jicho mimi kuliko anavyotazama barabara. Nikinyanyua pepeo anasema, "Mama, weka chini, mimi sisikii joto," na huku ndevu zinadondosha jasho. Halafu ndipo akampeleka Mtulivu kwa Barafu. Aliporudi akanifungulia mlango wa nyuma, akaniambia kwa sauti laini, "Mama, umefanya kazi sana. Sasa wewe pumzika."

Mwenyekiti, maneno hayo nayajua. Hivyo ndivyo wanavyoambiwa watu wasiohitajika tena. Mimi sikuomba kupumzika. Mtu akishaketi nyuma ya gari, mikono mapajani, hana cha kufungua wala cha kufunga, haulizwi kitu mpaka wafike, tofauti yake na mzigo ni kwamba mzigo haukohoi. Mwanangu anapima macho ya mji mzima na hilo hajaliona.

Najua atakachokuambia ukimwita, kwa sababu ameshaniambia mimi. Atasema, "Mama, hata wewe una meno ya kupachika." Ninayo, hapo mbele, na yananipendeza. Lakini yangu yalipachikwa mahali palipokuwa wazi. Hakuna jino lililokuwa bado linatafuna likaambiwa lihamie nyuma likapumzike. Hapo namna gani? Nilipomjibu hivyo alikwenda kuosha gari ambalo lilikuwa safi.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, kwa adabu, na haraka:

(a) Umwamuru mwanangu aondoe sanduku la midomo mitatu na takataka zake zote kabla ya msafara.

(b) Barafu azibe matundu aliyotoboa, bila kupiga mluzi.

(c) Chama kije kunikagua na kunitambua rasmi kuwa kifaa halisi cha gari hili, kisichoruhusiwa kutolewa wala kuhamishwa. Mje asubuhi, nikiwa sijachoka. Kidogo mkono wa kulia unalia begani nikiunyanyua, lakini hata milango ya Mtulivu inalia, na mlisema ni sauti nzuri.

(d) Mkishindwa (a) mpaka (c), basi kwenye maonyesho yajayo kibao cha Mtulivu kiandikwe wazi: "Gari hili halijakamilika. Kifaa chake kimoja kiko kiti cha nyuma, kimenuna."

Sitaki mniite kwenye kikao cha usuluhishi. Mimi nikiitwa kwenye usuluhishi huwa nashinda, halafu watu wanabaki na kinyongo.

Nisalimie mama watoto wako, na umwambie lile koti alifiche. Nisalimie mwekahazina wenu aliyekuwa amelala chini ya turubai. Nisalimie yule mwenye gari jekundu lililosukumwa kuingia na kusukumwa kutoka, mwambie asikate tamaa, hata kusukumwa ni mwendo. Nisalimie bawabu wa geti aliyenipa maji. Wale waliokuwa wamekaa juu ya bampa ya Mtulivu wanapiga picha, hao usiwasalimie.

Ni mimi mwenye uchungu lakini mwenye akili zangu timamu,

Mama wa Mpima Macho,
Kiyoyozi cha Mtulivu (tangu mwanzo).

NYONGEZA. Barua nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena kwa kisu cha kumenyea. Naandikia gotini, ndani ya Mtulivu, nje ya ofisi yako. Ofisi yako anayeijua ni mwanangu, kwa hiyo ilibidi anilete yeye. Sikumwambia kilichomo kwenye bahasha. Ameingia ndani kuuliza kama upo, na injini ameiacha inawaka.

Mke wa mwanangu hakuja. Mafua yamemzidi, pua imekuwa bomba. Alinifungulia mlango wa mbele yeye mwenyewe, akanifunika magoti kitu alichokishona kwa kitambaa cha krimu ileile ya viti, kina pamba ndani, kimenikaa sawasawa kutoka nyonga mpaka chini ya goti. Akasema, "Mama, nilikuwa nakulindia kiti mpaka hiki kiishe. Mimi pale siwezi tena." Namba 5 ifute. Usiikwangue tu, ifute kabisa.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyenieleza. Ile swichi ya kuzungusha ya kiyoyozi Barafu ameiweka upande wa kidroo changu. Dereva haifikii bila kuacha usukani. Nilikuwa namwona kwa nyuma mke wa mwanangu akiigusa, nikadhani anachezea pambo. Tumetoka nyumbani, mwanangu akasema, "Mama, ongeza kidogo." Nikaongeza. Tukafika kwenye taa, injini ikatulia, midomo mitatu ikaanza kupuliza vuguvugu. Hakuniambia kitu. Niliisikia injini mwenyewe, nikazungusha mpaka mwisho. Taa iliporuhusu, nikapunguza. Chini ya ule mlima wa hospitali nilizima kabla hajafungua mdomo, nikashusha kioo changu na chake nikamwambia ashushe. Tumepanda vizuri kabisa, na kandambili nimeziulizia njiani. Juu ya mlima nikafunga, nikawasha. Ametazama barabara tu njia nzima, hakunitupia jicho hata kidogo. Nilipomwangalia shati, mgongoni palikuwa pakavu.

Mwenyekiti, kazi ni ileile. Wamenibadilishia pepeo tu, hata bega limenyamaza.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu ni kweli tupu, na ninataka uyasome yote kwa sababu nimeyahangaikia, lakini usitekeleze hata moja. Barafu asiguse kitu. Ile (c) tu ibaki, ila mkaguzi akija asiniguse mkono nikiwa kwenye swichi.

Kwenye msafara njoo upande na sisi, koti uliache nyumbani. Utakaa nyuma, ni pazuri, wewe pumzika. Ukisikia joto, sema. Nitafikiria.